Mwavuli wa mashirika ya misaada ni mali ya nani hasa

Mbukwenyi wadau. Leo nataka tuongee kitu ambacho wengi wetu kwenye asasi tunakipita juu juu kwa sababu kinaonekana cha makaratasi, yaani jinsi vyombo vya mwavuli vya mashirika ya misaada vinavyoongozwa. Naongelea vile vyombo ambavyo wanachama wake siyo watu mmoja mmoja, ni mashirika yenyewe, yanakutana, yanachanga ada, yanachagua bodi, halafu bodi inaajiri watu wachache wa ofisini wanaoitwa sekretarieti. Mtandao wetu wa asasi hapa mkoani Dodoma uko kwenye marekebisho ya katiba na mimi nipo kwenye kamati ndogo ya rasimu, kwa hiyo nimekuwa nasoma wenzetu wa nje wanafanyaje, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la maana ni moja tu, hiki chombo ni mali ya nani? Ukishajua nani anakimiliki kweli kweli, siyo kwenye karatasi tu, mengine yote yanajieleza.

Hivyo vyombo vipo karibu kila nchi inayotoa misaada. Uingereza kuna Bond, ilianzishwa 1993. Marekani kuna InterAction, ya 1984, makao yake Washington. Australia kuna ACFID ambayo mizizi yake inaenda mpaka 1965, Ireland kuna Dóchas, Brussels kuna CONCORD tangu 2003, na Geneva kuna ICVA ambayo ni ya dunia nzima na ni ya zamani kidogo, 1962. Mtu wa Chamwino anaweza kusema hayo yananihusu nini. Yanakuhusu sana. WaterAid, ambao miaka ya 1990 walishirikiana na idara za maji, afya na maendeleo ya jamii kuchimba visima huku kwetu kwenye ule mpango wa WAMMA, ni shirika la Uingereza. Kazi za trakoma, ule ugonjwa wa macho, kule Kongwa zimepita mikononi mwa mashirika na watafiti wa nje miaka na miaka. Mashirika kama hayo yakikaa pamoja kukubaliana namna ya kupiga picha za watoto wetu, namna ya kupokea malalamiko, namna ya kuzungumza na serikali zao kuhusu pesa, wanakaa kwenye hivyo vyombo. Kwa hiyo nani ana kura mle ndani ni jambo letu pia.

Tuanze na muundo, huo nitaupitia haraka maana unafanana kila mahali. Juu kabisa ni mkutano mkuu wa wanachama, mara nyingi kila mwaka, ila ICVA mkutano wao mkuu ni kila baada ya miaka mitatu kwa sababu wanachama wametawanyika dunia nzima. Mkutano unachagua bodi. Bodi inaajiri mkurugenzi mtendaji na kumsimamia. Mkurugenzi anaajiri wengine. Basi.

Utamu upo kwenye vipengele vidogo. Chukua Bond. Kisheria ni kampuni isiyo na hisa, na wakati huohuo imesajiliwa kama shirika la hisani. Maana yake hakuna mtu mwenye kipande chake cha kuuza, hakuna gawio, kila mwanachama anaahidi tu kwamba siku chombo kikifa na madeni atachangia kiasi kidogo, kwenye kampuni za namna hiyo mara nyingi ni pauni 1. Na sheria ya makampuni ya Uingereza inasema, kwa kampuni isiyo na hisa, kama katiba yake haijasema vingine, kila mwanachama ana kura moja. Sasa fikiria hapo, shirika kubwa lenye wafanyakazi nchi hamsini na kashirika ka watu watatu kanakosomesha watoto wilaya moja tu, wote mkono mmoja juu. Lakini ada haziko sawa, ada inapangwa kwa ukubwa wa mapato ya shirika, mkubwa analipa kikubwa na mdogo analipa kidogo. Mimi hiki kitu nimekipenda sana na nakitetea popote, kwa sababu kinatenganisha uwezo wa kulipa na haki ya kusema. Huku kwetu tunafanya kinyume, ada ni moja kwa wote ili tuonekane sawa, matokeo yake asasi ndogo ya Bahi inashindwa kulipa, inakuwa siyo mwanachama hai, siku ya uchaguzi haina kura. Usawa gani huo jamani.

Kitu kingine, wajumbe wa bodi kwenye mashirika ya hisani ya Uingereza kwa kawaida hawalipwi. Wanarudishiwa nauli na gharama halali, basi, posho ya kukaa kwenye kiti haipo mpaka katiba au mamlaka husika iruhusu. Najua hapa patakuwa na kelele, kuna watu watasema maisha ya Dodoma siyo ya London, mtu kaacha shughuli zake katoka Kondoa asubuhi na basi, umnyime posho? Hapana, nauli apewe, chakula apewe, na akilala alipiwe. Ila posho ya kikao ikishakuwa kubwa kuliko mshahara wa wiki wa mtu wa kawaida, watu wanaanza kugombea bodi kwa ajili ya posho, na vikao vinaongezeka bila ajenda. Tumeviona vikao hivyo.

Nitoe mfano wa karibu, mtandao sitautaja. Tulikuwa kwenye mkutano mkuu, ukumbi fulani hapa mjini, saa nane mchana, watu wamechoka, ajenda ya mahesabu yaliyokaguliwa imewekwa mwisho kabisa kabla ya mengineyo, na kila mtu anasubiri nauli. Kabrasha la mahesabu tuligawiwa palepale mlangoni asubuhi. Mwenyekiti akasema wajumbe tunaafiki? Sauti zikaitikia tunaafiki. Akanyoosha mkono mama mmoja wa asasi ya wanawake ya huko Bahi, mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, akasimama taratibu. "Mheshimiwa mwenyekiti, shikamoo za wenzangu umeshazipokea, mimi nina ukurasa wa tisa. Hii matumizi mengineyo imekuwa kubwa kuliko semina zote tulizofanya. Ni nini hii?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, mama yangu, hilo sekretarieti watakuletea kwa maandishi. Mama akasema, "Mwanangu, mimi siafiki kitu nisichokijua. Na akidi umetuhesabu asubuhi, sasa hivi humu ndani tuko wangapi?"

Ukumbi ukatulia. Katibu akaanza kuhesabu vichwa, ikaonekana nusu wameshatoka nje kwenye kivuli cha mwarobaini, ikabidi waitwe. Mhasibu, kijana mzuri tu, hana kosa, akafungua leja kwenye laptopu na kuanza kusoma mstari kwa mstari. Kumbe sehemu kubwa ya hayo mengineyo ilikuwa posho na safari za bodi, zimewekwa huko kwa sababu mstari wa bajeti ya bodi ulikuwa umeisha mwezi wa tano. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna mwanachama aliyekuwa amekubali pia. Ikapitishwa palepale kwamba bodi ikitaka kuzidisha mstari wake lazima irudi kwa wanachama, na mahesabu yatumwe kabla ya mkutano. Dakika kama ishirini hivi, kwa mkono wa mama mmoja aliyesoma kabrasha wakati wenzake wanakunywa chai. Hiyo ndiyo nguvu ya mkutano mkuu ikitumika, na ndiyo maana akidi, taarifa ya mkutano na mahesabu siyo urasimu, ndiyo umiliki wenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, nidhamu. Mwavuli ukishakuwa na wanachama, unawabana vipi? Hapa nchi zimeenda njia tofauti na inafaa kuziangalia kwa makini. InterAction walipitisha viwango vyao 1992, vinahusu uongozi, fedha, uchangishaji, na mambo mengine, na mwanachama anajithibitishia mwenyewe kwamba anavifuata. Yaani unajipima, unasaini, unatuma. Ina faida yake, ni rahisi, na inalazimisha bodi ya shirika lako angalau kukaa chini na kusoma. Udhaifu unauona mwenyewe, anayejisahihisha mtihani huwa hafeli mara nyingi.

ACFID wa Australia wakaenda mbele zaidi. Kanuni zao za maadili ni za 1997, na kuna kamati maalumu ya kanuni hizo inayopokea malalamiko, na mlalamikaji siyo lazima awe mwanachama, mtu yeyote anaweza kulalamika kuhusu shirika lililosaini. Na kuna kitu kinachoipa meno, shirika la Australia likitaka ithibati ya kupata fedha za mpango wa serikali yao wa ushirikiano na mashirika, lazima liwe limesaini kanuni za ACFID. Hapo mwanachama hasaini kwa heshima tu, anajua akifukuzwa anapoteza mlango wa fedha. Kuna hatari yake pia, na naisema wazi, mwavuli unaoshikiliwa na fedha ya serikali hivyo unaweza kuanza kuongea na serikali kwa sauti ya chini. Lakini kati ya kanuni isiyo na meno na kanuni yenye meno ya kuangaliwa, mimi nachagua yenye meno.

Mwaka 2018 tuliona mpaka wa nguvu za vyombo hivi. Gazeti la The Times la Uingereza lilitoa habari za wafanyakazi wa Oxfam, shirika la misaada la hukohuko, waliokuwa Haiti baada ya tetemeko la 2010, mambo ya kudhalilisha wanawake, na dunia nzima ya misaada ikatikisika. Watu wakauliza, Bond walikuwa wapi? Swali la haki, ila jibu lake liko kwenye muundo. Bond siyo polisi wa mashirika. Mwavuli kama huo unaweza kuwakutanisha wanachama, kuandaa miongozo ya ulinzi wa watoto na watu wazima, kumsimamisha au kumtoa mwanachama, ila hauwezi kuingia ofisini kwa mtu na kuchukua mafaili. Kazi hiyo ilifanywa na Tume ya Mashirika ya Hisani ya Uingereza, ambayo ni msimamizi wa kisheria, na ripoti yao ilitoka Juni 2019. Tukichanganya hivi viwili, msimamizi na mwavuli, tunaishia kudai mwavuli ufanye kazi isiyo yake na kumsamehe msimamizi kazi iliyo yake.

Na kwetu hivi viwili vinachanganywa kila siku. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ni ya 2002, Namba 24, ikafanyiwa mabadiliko zaidi ya mara moja likiwemo lile la 2019. Ndani yake kuna Msajili, ambaye ofisi yake iko hapahapa Dodoma chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, huyo ndiye msimamizi. Halafu sheria hiyohiyo ikaunda Baraza la Taifa la NGO, NaCoNGO, la wajumbe 30, kazi yake kuratibu na kuunganisha mashirika yote ya Tanzania Bara, na ndilo linalopewa jukumu la kanuni za maadili. Uchaguzi wake unaanzia wilayani, unapanda mkoani, ndipo taifa. Pembeni kuna mwavuli wa hiari kama TANGO, iliyokuwepo tangu 1988, kabla hata ya sheria hiyo kuzaliwa. Tofauti ni kubwa. Kwenye mwavuli wa hiari ukiona hawakusikilizi unaacha kulipa ada unaondoka, na hiyo ni silaha. Kwenye chombo cha sheria huna pa kuondokea, uko ndani kwa sababu umesajiliwa, kwa hiyo silaha yako pekee ni kura ya wilayani. Ile ambayo wengi hatuendi kupiga, tunatuma afisa wa kujitolea akatuwakilishe. Mtu wa kutuwakilisha taifa anapatikana kwenye kile chumba kidogo cha halmashauri tunachokidharau.

Sasa pesa. Hapa ndipo umiliki unapohama bila mtu kupiga kura. Mwavuli ukiendeshwa na ada za wanachama, mkurugenzi anaamka asubuhi anafikiria wanachama. Ukiendeshwa na ruzuku ya mradi wa mfadhili mmoja, anaamka anafikiria ripoti ya robo mwaka ya mfadhili. Simlaumu, mimi mwenyewe naandika ripoti hizo, najua tarehe ya mwisho inavyosumbua. Kwenye vikoba akina mama wanalijua hili kuliko sisi wenye digrii, kisanduku kina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hakifunguliwi mpaka wanachama wamekaa duara, kwa sababu kila shilingi iliyomo imetoka kwenye pindo la kanga ya mtu aliyekaa pale. Ikiingia pesa ya nje kubwa kuliko hisa zao, ndipo ugomvi unapoanza.

Na mwaka 2025 umelifanya jambo hili kuwa la haraka. Januari Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi USAID ikawa imefungwa kama taasisi. Februari Uingereza nayo ikatangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Sasa ukumbuke ada za miavuli mingi zinapangwa kwa mapato ya wanachama. Mwanachama akipoteza mapato, anashuka daraja la ada, au anajitoa kabisa, na mwavuli unapungukiwa wakati uleule ambao wanachama wanauhitaji zaidi uwasemee. Huku mkoani tumeona asasi zinafunga ofisi, viti vinauzwa, vijana waliokuwa wanazunguka vijijini na pikipiki wamerudi nyumbani. Mtandao usio na akiba hata ya miezi michache ya uendeshaji unakufa na wanachama wake. Kwa hiyo kipengele cha akiba kwenye katiba, ambacho wenzangu kwenye kamati walikiona cha kifahari, mimi nimekishikilia na sitakiachia.

Halafu kuna mtu ambaye hayumo kabisa. Nimeangalia katiba hizi zote na mwanachama ni shirika, kura ni ya shirika, malalamiko mengi ni ya shirika kwa shirika. Mwananchi wa Mpwapwa ambaye picha yake imo kwenye kalenda ya mfadhili hana kiti. ICVA angalau wana wanachama ambao ni mashirika ya kitaifa ya nchi za kwetu, siyo wakubwa wa Ulaya na Marekani peke yao, na wao pamoja na InterAction wanakaribishwa kwenye ile kamati ya Umoja wa Mataifa inayoratibu misaada ya dharura, iliyotokana na azimio la mwishoni mwa 1991. Hilo ni jambo kubwa, sauti ya shirika dogo inaweza kufika mezani pale. Ila bado ni shirika.

Wakati kijijini tuna mfano tayari. Mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, unakaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu chini ya mti. Ndiyo, kuna vijiji havikutani, na kuna wenyeviti wanaosoma haraka haraka. Lakini kanuni ipo na watu wanaijua, nimeshuhudia mzee wa Chamwino akimsimamisha mtendaji kwa hesabu ya mifuko ya saruji, anaikumbuka kwa kichwa, mifuko mingapi ilishushwa, mingapi ilipanda ukuta, na mtendaji akabaki anapekua daftari. Watu hao hatuwezi kusema hawana uwezo wa kuuliza mashirika. Hawajapewa mahali pa kuulizia tu.

Kwa hiyo kwenye rasimu yetu tumeingiza mambo ambayo naomba wanachama myasome kabla hamjafika ukumbini. Ada kwa madaraja ya mapato, kura moja kila mmoja. Mahesabu yaliyokaguliwa kuwafikia wanachama siku 21 kabla, na ajenda yake iwe ya asubuhi, siyo baada ya chakula. Ukomo wa vipindi viwili kwa mjumbe wa bodi, na mjumbe ambaye shirika lake linaomba zabuni au ruzuku ya mtandao atoke nje wakati linajadiliwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Kamati ya maadili isiyoundwa na wajumbe wa bodi, inayopokea malalamiko ya mwananchi yeyote, kwa mdomo au kwa simu, siyo kwa barua pepe tu. Hicho cha mwisho kimeleta ubishi mkali kuliko vyote, wapo wanaosema tutafurika malalamiko ya uongo. Huenda yakaja ya uongo, kamati itayachuja, ndiyo kazi yake. Mimi naona bora tufurike kuliko kukaa miaka bila lalamiko hata moja na kujidai tuko safi.

Kubadilisha katiba yetu kunataka theluthi mbili ya wanachama hai waliopo ukumbini, na mwanachama hai ni aliyelipa ada ya mwaka. Kuna asasi nyingi Kondoa, Chemba na Kongwa zinadaiwa, na ndizo ambazo rasimu hii inazisaidia zaidi. Nimeshaanza kuwapigia simu viongozi wao, mmoja mmoja, na tunaongea na mweka hazina kama wanaweza kulipa kwa mafungu kabla ya daftari la wapiga kura kufungwa.